Pumzi Kabla ya Kiitikio

Wenzake walimwita Mara Moja, na kweli hakuna aliyewahi kumsikia akirudia. Kila alipoitwa kurekodi, alivua viatu mlangoni mwa studio ili mguu wake unaofuata mapigo usisikike kwenye kanda, akauliza, "Wimbo gani?" na kabla chai ya fundi haijapoa, gitaa lake la besi lilikuwa limesharudi kwenye mfuko. Asubuhi kwaya, mchana dansi, jioni tangazo la sabuni. Miaka thelathini na minne, na jina lake halikuandikwa kwenye jalada hata moja.

"Nani amewahi kusifu msingi wa nyumba?" alikuwa akisema. "Watu husifu rangi."

Rangi ya nyumba yake alikuwa mkewe, mwimbaji. Sasa ana miaka mitano kaburini, na picha zake zote ukutani zimefumba mdomo.

Jumanne moja fundi wa sauti, mama wa makamo aliyerithi studio kwa baba yake, akampigia simu. Kanda ya wimbo wa kwanza wa mkewe iliingia maji. Sauti ya mwimbaji ilipona, besi ilioza. "Mjomba, njoo uzibe pengo lako."

Alikubali haraka hata akaona haya. Redioni mkewe alikuwa wa watu wote. Yeye alitamani kuwa naye chumba kimoja tena, japo kwa dakika nne.

Akaenda, akavua viatu. Soksi moja imetoboka.

"Mjomba, na kidole nacho kimekuja kusikiliza?"

"Kimechoka kujificha."

Akavaa hedifoni. Sauti ikaja peke yake, bila ngoma, karibu kama mtu mnayelala naye mto mmoja. Vidole vikajiendea mpaka mwisho.

"Safi," fundi akasema, bila furaha. "Lakini siyo ile. Kwenye kiitikio zamani ulichelewa kidogo. Leo umewahi."

Alijua. Siku ile ya kwanza, hata kusalimiana walikuwa hawajasalimiana vizuri, alimtazama msichana akivuta pumzi, mabega yakapanda, naye akasahau kidole. Aliomba kurudia. Baba yake fundi akakataa: "Imenoga! Mara moja yatosha." Jina likamganda.

"Ipandishe sauti yake," akamwambia fundi.

Safari hii hakuhesabu mapigo. Alifumba macho, akangoja. Ikaja kabla ya kiitikio: pumzi fupi, yenye woga wa mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya maikrofoni. Kidole kikasahau. Kisha kikakumbuka.

Fundi akazima mashine, akajifuta jicho kwa kiganja. "Ndiyo yenyewe. Vaa viatu, mjomba, ukapumzike."

Hakuvigusa viatu. Hedifoni zilikuwa bado masikioni.

"Turudie."

"Wewe? Turudie nini, wakati haina kasoro?"

"Najua haina," akasema Mara Moja. "Rudisha tu nyuma kidogo, pale ambapo hajavuta pumzi."