Mume wa Khavar Alikuwa Maji

Khavar alivua viatu kwenye ngazi ya mwisho, akaingia. Maji yalimfika kwenye vifundo vya miguu. Zamani, mwaka alioolewa nayo, yalimfika kifuani, ikabidi ashike ukuta yasimchukue. Alichota kwa viganja, akajimwagia kichwani na mabegani, akasema maneno aliyofundishwa siku ya harusi, kisha akakaa juu ya jiwe kupumzika. Magoti yalimuuma. Alipokuwa kijana hakuna aliyemwambia kwamba kuwa mke wa mume huyu ni kazi isiyo na kustaafu.

Mume wake wa kwanza, yule wa nyama na damu, alikufa mapema akamwachia mtoto mmoja, Yadollah. Mwaka huohuo kanati ya kijiji, lile handaki refu linaloteremsha maji kutoka chini ya mlima hadi mashambani, ilipunguza maji. Wazee wakakaa wakasema kile ambacho wazee wa pale wamekisema siku zote: kanati hii ni dume, na dume likikaa bila mke hununa. Akatafutwa mjane. Sheikh akasoma, wanawake wakapiga vigelegele, Khavar akaingizwa majini na shela yake. Kila mavuno wenye mashamba wangempimia ngano. Naye angeoga mle kiangazi na kipupwe, hata ikibidi kuvunja barafu, na asiolewe na mwanamume mwingine.

Hilo la mwisho ndilo lililomtafuna. Palikuwa na Morad, fundi wa kuzibua kanati, mtu mcheshi mwenye mikono mipana, aliyekuwa akipita kwake kuomba maji ya kunywa wakati kutwa nzima alishinda ndani ya maji. Alimsubiri. Aliposubiri akachoka, akahamia Isfahani, akaoa huko. Khavar akala ngano ya kijiji, akamlea mwanawe, akazeeka. Wanawake wenzake walimtania penye kufulia kwamba ana bahati, mume hapigi, halewi, hakoromi. Naye aliwajibu kwamba ni kweli, ila hata kumkuna mke mgongo hajui.

Sasa maji yalikuwa yanakwisha, na sababu aliijua. Kikulacho ki nguoni mwako. Yadollah alipanda milozi, zamu yake ya maji ya kanati ikawa haitoshi, basi akaleta mashine na kuchimba kisima kirefu ndani ya banda la mbuzi, bila kibali, mota akaifunika magunia. Wala hakuwa peke yake. Haji Safdar, mgawa maji wa kijiji, mtu wa kuamua nani afungue mfereji na nani afunge, alikuwa na chake nyuma ya ukuta wa bustani. Kila mtu alijua na kila mtu alinyamaza, kwa kuwa kila mtu alikuwa nacho au alikuwa anakitamani. Khavar aliisikia mota ya mwanawe kupitia ukutani akikanda unga. Lozi zile ndizo zilizowasomesha wajukuu. Alikanda, akanyamaza, na kule kunyamaza kukamchosha kuliko kuoga maji ya barafu.

Vuli hiyo akaja mtafiti kutoka chuoni, binti aitwaye Nastaran, akapewa chumba kwa Khavar. Kila siku alizunguka na utepe wake wa kupimia wenye kipande cha madini ya risasi nchani, akiuteremsha kwenye visima apime maji yameshuka hadi wapi. Aliuliza visima viko vingapi, wakamtajia vile vyenye kibali. Alirudi jioni amechoka, akaingiza miguu ndani ya mfarishi uliofunika meza fupi yenye jiko la makaa chini yake, akamweleza mwenyeji wake kwamba maji ya ardhini ni kama unga kwenye ghala la watu wengi. Kilichobaki anaweza kukipima. Kitadumu hadi lini hawezi kujua, maana hakuna anayemwambia nani anachota na kiasi gani, na bonde zima liko hivyo, na mabonde mengine pia.

Khavar akamsogezea chai na bakuli la sukari. Akamuuliza, je, wakiacha kuchota, yatarudi?

"Sijui, nana," Nastaran akasema. "Nikikuambia ndiyo nitakuwa nakudanganya. Labda baada ya miaka mingi. Labda ardhi imeshajibana, haipokei tena. Bado hatujapima vya kutosha."

Khavar akampenda kwa jibu hilo. Kijiji kizima kilikuwa kinajua kila kitu, na huyu msomi alikuwa wa kwanza kusema hajui.

Ijumaa iliyofuata Haji Safdar akamwita Khavar nyumbani kwake. Wanaume walikuwa wamekaa kando ya kuta, Yadollah miongoni mwao akichezea tasbihi. Nastaran, kwa heshima ya mgeni, aliwekwa karibu na birika. Na mlangoni alikaa Tuba, mjane wa juzijuzi, mumewe alianguka kutoka jengoni huko mjini. Alikuwa amempakata bintiye. Khavar alipomwona pale alijua ameitiwa nini.

"Nana Khavar, usituelewe vibaya," Haji akaanza. "Mumeo amekuchoka. Wewe umezeeka, na yeye bado dume." Wanaume wakacheka kidogo. Akaeleza kwamba ngano ya Khavar haitakatwa yote, atabakishiwa nusu, na kwamba baba mkwe wa Tuba amekwisha kukubali. Tuba ataingizwa majini wiki ijayo.

Tuba hakuulizwa, na hakusema. Alikuwa anatazama miguu yake. Na Khavar alijua, kama wanawake wote walivyojua, kwamba mfuga nyuki wa kijiji cha pili alikuwa akileta asali kila mara kwenye nyumba ya wakwe wa Tuba, watu ambao hata asali hawaipendi. Angeleta, angesubiri, angechoka. Khavar akahisi hasira ikimpanda, hasira ya zamani aliyodhani imeshakufa.

Akainuka kwa kushika ukuta. Yadollah aliuona uso wake akaelewa. Akasimama naye.

"Mama," akasema taratibu, "damu ni nzito kuliko maji."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nimenyamaza mpaka leo." Akamgeukia mtafiti. "Andika, binti yangu. Maji hayajanichoka, yananyonywa. Kisima cha kwanza kimo ndani ya banda la mbuzi la mwanangu Yadollah. Cha pili ni cha Haji huyu, nyuma ya ukuta, pale anapofunga mbwa. Mtoto wa watu asitumbukizwe kwenye baridi kwa ajili ya mota zetu."

Hakuna aliyecheka tena. Limeshasemwa mbele ya mgeni, na maji yakimwagika hayazoleki.

Walikuja watu wa serikali wakaziba kisima cha Yadollah kwa saruji. Cha Haji nacho kilizibwa, kisha baada ya miezi michache mota yake ikasikika tena, maana Haji ana jamaa zake wilayani na Yadollah hana. Milozi ilikauka ikiwa imesimama. Yadollah aliuza mbuzi, akapakia mkewe na wanawe kwenye lori, akaondoka bila kupita kwa mama yake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Khavar hakuwa na wa kumlilia, kwa kuwa mkono uliomkata ulikuwa wake mwenyewe. Mavuno yalipofika hakuna aliyempimia ngano. Nastaran alirudi na utepe wake, akapima, akasema maji bado yanashuka, ila sasa yanashuka polepole. Hiyo ndiyo habari njema waliyoipata.

Ila hakuna aliyethubutu tena kutaja harusi ya kanati. Masika ilipoingia Tuba aliolewa na mfuga nyuki. Siku ya kuondoka walipita kwa Khavar, mtoto akiwa mabegani mwa yule bwana, ameshikwa miguu asianguke. Wakamwachia mtungi wa asali.

Kesho yake Khavar akateremka ngazi, akipumzika kila mara. Maji hayakufika hata kwenye kifundo. Akakaa juu ya jiwe lake.

"Tumemwoza yule binti," akayaambia. "Kwa mtu mwenye mikono."

Kisha akainama, akachota kilichokuwapo, akajimwagia mgongoni mahali asipofika kujikuna.