Chupa Ilikuwa Bado Inachemka

Koko wangu alikuwa amekufa, na chupa yake ilikuwa bado inachemka.

Naanzia hapo kwa sababu hapo ndipo uongo wa familia yetu ulipozaliwa. Wengine mmeshausikia. Mjomba wangu Kanyamibwa ameuhubiri kutoka Kirotshe mpaka vilimani kwetu Masisi: eti mama mmoja wa Buleusa aliiba pumzi ya Koko, mama wa mjomba, akamuua.

Leo nasema mimi, Emérita, niliyekuwa ndani ya chumba kile. Asiyetaka kusikia apite zake.

Koko Mukamurenzi, bibi yangu mzaa mama, alikuwa mwanamke wa mdomo. Angeweza kukutukana huku anakujazia sahani, na ukiacha chakula anakutukana tena. Mapafu yalipomshika, tulimbeba kwa machela ya miti mpaka hospitali moja ya huku kwetu, jina lake nalibana. Njia nzima alikuwa anawasema wabebaji kwamba wanatembea kama bata.

Hospitali ilikuwa imejaa wakimbizi wa vita. Watu walilala wawili wawili kitandani. Koko akaletewa mtoto kitandani kwake.

Mtoto aliitwa Luc, wa miaka minne hivi. Mama yake, Bibiche, alikuwa ametoka naye Buleusa, huko Walikale, amembeba mgongoni, akipitia Kalembe kwa miguu. Kifua cha mtoto kilikuwa kinaingia ndani kila akivuta hewa, mpaka mbavu unazihesabu.

Wagonjwa wawili wa oksijeni. Mashine moja, nayo alikuwa amewekewa Koko. Na barabara ya kuwahamishia kwingine ilikuwa imefungwa na risasi.

Mashine yenyewe ni sanduku linalonguruma, linatumia umeme wa sola. Linavuta hewa ya chumbani, linatoa oksijeni, linaipitisha kwanza kwenye chupa ya maji ili isikaushe pua na koo, halafu inafuata mpira mpaka puani kwa mgonjwa. Ndani ya chupa maji yanachemka bila moto. Blu-blu-blu.

Muuguzi Fiston, ambaye kila mtu alimwita Docta, alituonyesha chupa hiyo.

"Mukiona inaacha kuchemka, muniite mbio."

Akakimbilia chumba cha kuzalia, maana siku zile alikuwa peke yake.

Basi, tangu hapo tukawa walinzi wa chupa.

Tulipokezana kuiangalia. Shangazi yangu akiingia, swali la kwanza: "Chupa iko?" Tunajibu: "Iko." Wamama wa kanisa waliokuja kuomba walisalimia chupa kabla ya kumsalimia mgonjwa.

Siku iliyofuata Docta Fiston akaja kumwona mjomba. Alisema kwa upole.

"Papa Kanyamibwa, tupokezane mashini. Koko apumue kidogo, mutoto naye kidogo. Koko leo iko na nguvu."

"Mama yangu ndiye alifika wa kwanza."

"Papa, huyu ni mutoto."

"Mutoto wa nani? Bamurudishe kwao Walikale. Kule iko miti mingi, hewa haipunguke!"

Tulicheka. Naandika hivyo hivyo: tulicheka.

Bibiche alikuwa ameketi chini, mkono wake kwenye mguu wa mtoto. Hakuinua macho.

Docta Fiston akatazama mlangoni. Vijana wawili wenye bunduki, marafiki wa mjomba kutoka kwenye kizuizi cha barabarani, walikuwa wameegemea pale wanatafuna miwa. Docta akaondoka.

Koko alikuwa amesikia yote. Macho yalikuwa yamefungwa, lakini masikio ya yule mwanamke hayakuwa na mlango.

Kidogo akaniita.

"Emérita. Baridi inaniua. Unifunike mpaka kichwani."

"Koko, utakosa hewa."

"Hewa inatoka kwa mupira, ao inatoka kwa blanketi? Ile diploma yako ilikufundisha nini?"

Nikamfunika.

"Chupa inachemka?"

"Inachemka, Koko."

"Basi muangalie chupa. Sura yangu muliishaiona."

Halafu akamgeukia Bibiche, kwa sauti ya kutaka kila mtu asikie.

"Na weye, sogeza mutoto wako! Anakohoa kama mbuzi ya soko."

Bibiche akamvuta mtoto ukingoni mwa kitanda.

"Si huko! Huku, karibu yangu. Niko na baridi, joto yake itanifaa."

Wakalala hivyo, bibi na mtoto chini ya blanketi moja, na mpira ukiingia humo kama mzizi unavyoingia ardhini. Sisi macho kwenye chupa.

Kufika kesho yake, kikohozi cha Luc kilikuwa kimepungua. Kifua hakikuingia ndani tena. Aliomba hata uji.

Mjomba akapiga kofi la ushindi pajani. "Munaona? Hata hakuwa mugonjwa! Walitaka tu mashini ya watu."

Alasiri ile mvua ilipiga mabati mpaka hatukusikizana. Docta Fiston akapita.

"Koko anaendelea?"

"Vizuri," tukajibu. "Chupa inachemka."

Akafunua blanketi.

Sitaeleza uso ule. Alimgusa shingoni. Kisha akaufuata mpira kwa kidole, polepole. Ulipita shavuni kwa Koko, haukusimama. Ulienda mpaka kwenye pua ya Luc.

Mtoto alikuwa amelala fofofo. Midomo ilikuwa imerudia rangi yake.

"Mwizi!" Mjomba aliruka. "Umemunyima mama yangu pumzi!"

Bibiche alipiga magoti. "Papa, si mimi. Haki ya Mungu, si mimi. Muulize..."

Akatazama kitanda cha pili, alikolala Papa Isidore, mzee aliyevunjika mguu. Papa Isidore akageuza uso ukutani.

Mjomba akaung'oa mpira puani mwa mtoto. Luc aliamka na kilio. Wale vijana wa mlangoni wakatupa miwa yao, wakamshika Bibiche kwapani.

Docta Fiston alisimama mbele yao, nami nikajiingiza kando yake.

"Papa, sasa mashini haina muntu! Muache mutoto abaki!"

"Abaki wapi? Juu ya maiti ya mama yangu?"

Nikamwambia: "Mjomba, huyu ni mtoto!" Akanisukuma nikaangukia beseni. Mtutu wa bunduki ukamgusa Docta kifuani. Wakamtoa Bibiche nje na mtoto wake.

Niliwaona dirishani. Bibiche alimfunga Luc mgongoni kwa kitenge, akaweka kipande cha plastiki juu ya kichwa chake, akashika njia.

Ndani tukaanza maombolezo. Koko akabebwa. Na katika kelele zile hakuna aliyekumbuka kuzima mashine. Kitanda kitupu, mpira umelala juu ya shuka, unapulizia blanketi. Na chupa, blu-blu-blu, ikifanya kazi yake vizuri kabisa.

Baada ya mazishi nilirudi kuchukua beseni letu. Papa Isidore akaniita kwa kidole.

"Ni yeye mwenyewe alitoa ule mupira."

"Nani?"

"Koko yako. Nani mwingine alikuwa na kichwa ngumu vile? Mulipomufunika tu, akauvua, akamuvalisha mutoto. Mama wa mutoto akaurudisha. Koko akamupiga mukono, paa! Akasema: 'Mimi niliishaona wajukuu. Huyu hajaona hata meno yake ya pili.'"

Nikakaa kitandani kwake.

"Mutoto akikohoa, anamunong'oneza: 'Kohoa polepole weye, batatusikia.' Nami akaniambia: 'Weye mwenye muguu, ukifungua kinywa nitakuvunja na ule mwingine.'"

Alicheka kidogo, kisha akafuta macho.

"Papa, kwa nini hukusema siku ile?"

"Mbele ya bunduki, mwanangu? Nikimbie na muguu gani?"

Halafu akaongeza, na neno hili ndilo lililonichoma:

"Na kabla ya siku ile, nani aliniuliza? Wote mulikuwa munaangalia chupa."

Nilimwambia mjomba mbele ya ukoo mzima. Alibadilika rangi, nikamwona. Kisha akasema: "Mama yangu hawezi kupatia watu wa kule pumzi yake. Emérita, masomo yamekuharibu."

Aliniamini. Ndiyo maana anaendelea kuhubiri. Siku akikubali kwamba Koko alitoa kwa mkono wake, itabidi aseme yeye mwenyewe alimfanya nini yule mtoto.

Nilimtafuta Bibiche. Nikampata motadi aliyewabeba kwenye pikipiki yake.

"Nilimukuta kwa mvua, nikamuonea huruma. Nilikuwa nakaza mwendo kwa ajili ya mutoto. Kabla ya kufika Kalembe, akanigusa bega. Akasema: 'Kaka, enda polepole. Haraka imeisha.'"

Sina zaidi ya hapo. Sijui hata walimzika Luc wapi.

Nyinyi mnaokaa kando ya wagonjwa, chukueni hili bure: maji yakichemka, mashine ndiyo nzima. Mtu ni habari nyingine. Funua blanketi, mtazame usoni. Na yule aliye kando yake mtazame pia, hata kama ametoka upande mnaoucheka.

Mama Bibiche, kama kuna mtu huko Buleusa atakusomea haya: hukuiba. Ulipewa.

Walioiba ni sisi.