Meno ya Ngome kwenye Ua wa Mama

Mpaka leo nikipita Chepseon mtu akaita "Bass!" mimi hugeuka, na aibu yenyewe ndiyo hiyo, kwamba jina nimeshalizoea. Wacha niwasimulie mwenyewe, maana najua mmeshasikia kwa wengine, na sehemu mbaya zote ni za kweli.

Mnanijua mimi na ile gemu ya simu ya kujenga kwa bloku. Nilianza kuicheza nikingoja lori kwenye kituo cha kununulia majani chai (na lori letu mnalijua, huja likijisikia), nikajenga nyumba, nikajenga zizi, halafu nikaingia kwenye ngome na hapo nikapotea kabisa. Ukuta wangu wa kwanza ulikuwa umenyooka tu, kijivu mwanzo hadi mwisho, ungedhani ni stoo ya mbolea. Nikajifunza polepole: chini unaweka mawe makubwa yaliyokoza rangi, unachanganya na yenye nyufa na yenye kuvu ili ukuta uonekane umekaa miaka, hapa na pale unatokeza nguzo ili kivuli kipatikane, kwenye pembe unainua minara, na juu kabisa unaweka meno, jino, pengo, jino, pengo. Siku nilipomaliza meno niliukodolea macho ukuta wangu mpaka karani wa mizani akaniita mara ya pili na gunia langu bado liko chini. Nilifurahi jamani, siwafichi.

Sasa dada yangu Chelangat akapata mchumba wa Chepseon, na siku ikapangwa wazee wa kijana waje kwetu Kimulot kuongea mambo ya ndoa. Tulikuwa tumesikia kwamba shangazi zake ni watu wa kuangalia, wakifika kwa mtu wanatazama mpaka sufuria zilivyoinamishwa, na eti kuna nyumba moja waliondoka bila kumaliza chai. Mama hakuwa na raha. Chelangat alinivuta kando akaniambia, "Kiprono, nakuomba. Hiyo siku usiniangushe."

Kazi yangu ilikuwa moja tu, kukata ua wa misipresi ulio kando ya njia ya kuingia nyumbani. Ni ua mrefu kupita kichwa cha mtu, alioupanda marehemu Baba, na Mama anauringia sana. "Ikae sawa juu," akaniambia, "kama majani chai yakishachunwa."

Nikachukua mkasi na panga, nikasimama pale njiani, nikautazama. Ulikuwa umenyooka tu. Stoo ya mbolea! Nikajiambia, meno machache karibu na geti yatadhuru nani? Nikakata pengo la kwanza, dogo, la adabu. Nikarudi nyuma kutazama, halionekani. Nikaliongeza. La pili likazama kuliko la kwanza, ikabidi la kwanza lilifuate, la tatu likayapita yote mawili (tawi lilikuwa bovu, si mimi), nikalinganisha tena, na kwa kuwa ngome haiwezi kuwa na meno upande wa geti peke yake nikateremka nayo hadi mwisho wa ua. Mapengo yalikuwa yamefika kiunoni. Nilisimama chini nikaona kazi yangu, nikaona ni nzuri kuliko ile ya kwenye simu.

Mama alipotoka akashika mdomo. "Kiprono, hii ni nini umefanya?"

"Ni ngome, Mama."

"Ni nini?" Lakini simu ikalia, wageni wakasema bado wako Litein, na Mama akaniona nilivyojaa utomvu na vijani vya msipresi mpaka masikioni. "Enda uoge kwanza! Nitakuuliza wakienda."

Sasa, bafu letu liko nje, nyuma ya nyumba, kule ua unakoishia. Lina mabati pande tatu. Upande wa nne uko wazi, kwa sababu Baba alisema mlango ni wa nini na ua uko hapo.

Mimi nilikuwa nimekata nikiwa upande wa njia, bafu sikuliona hata mara moja. Nikaingia, nikavua, nikajipaka sabuni kichwani hadi miguuni, nikafumba macho. Mara nikasikia wimbo wa kanisa unakuja, wa wanawake na wanaume, mzuri kweli, nikajua ni kwaya ya jirani wanaenda mazoezi (wageni si wako Litein? Nani duniani husema yuko mbali akiwa karibu?), na mimi kanisani huimba besi, basi nikaingia nayo kwa nguvu zangu zote. Tukaimba pamoja vizuri. Kisha sauti za wanawake zikakatika. Za wanaume zikafuata. Nikabaki mimi na besi yangu.

Nikafungua jicho moja. Ndani ya pengo, kana kwamba nimempimia, alisimama mzee mwenye kofia na koti la kahawia. Pengo la pili, shangazi. Pengo la tatu, shangazi mwingine, huyu hata hakugeuza uso.

"Endelea tu, kijana," mzee akasema. "Bass ni nzuri."

Nilinyakua beseni la bluu nikajikinga nalo, nikakimbilia jikoni na povu langu, nikaapa sitoki humo mpaka watu warudi kwao. Lakini nani hunawisha wageni? Kijana wa nyumba. Na kijana wa nyumba ni mimi peke yangu. Mama akanisukuma mlangoni na birika la maji na beseni, nami nikainama mbele ya mzee, baba wa mchumba, nikiwa naangalia sakafu. Mzee akaliangalia beseni, akaniangalia mimi.

"Hii basin," akasema taratibu, "tumeonana nayo."

Chelangat akafunika uso. Nilitamani kulia, kwa ajili yake kuliko yangu. Halafu yule shangazi asiyegeuza uso akaanza kutikisika mabega, cheko likamtoka, na nyumba nzima ikamfuata, hata Mama, akashikilia kibuyu cha maziwa ya mursik kisimwagike. Baada ya hapo hakuna aliyekagua sufuria. Waliongea wakaelewana, chai ikaisha, ikapikwa nyingine.

Walipokuja tena mzee alikuwa na kitu kirefu kimefungwa kwa gunia (yeye ni fundi seremala), akanikabidhi mbele ya watu wote. Ulikuwa mlango wa bafu. Juu ameuchonga meno, jino, pengo, jino, pengo, safi kuliko yangu.

"Hapa ni sawa," akaniambia. "Hapa yako juu ya kichwa."

Ngome bado najenga, na nitajenga. Lakini ua wa Mama naukata sawa juu, kama majani chai yakishachunwa, na nikiingia kuoga naufunga ule mlango kwa komeo, kisha ndio naimba.