Nyuma ya Nailoni

Bi Shaka hakuzaliwa na jina hilo, lakini alilifanyia kazi. Ukimpa pole, anauliza kwani kuna nini. Ukimpa zawadi, anaigeuza aone imetoboka wapi. Daktari aliwahi kumwandikia dawa, naye akamwomba aandike tena kwenye karatasi nyingine, aone kama maandishi yatafanana. Mawifi zake, ambao ndio waliompachika jina, walisema hata kivuli chake mwenyewe anakikagua kwanza kabla hajakiruhusu kumfuata. Yeye hakujali. Alisema waliotapeliwa wote duniani walikuwa watu wa kuamini, na hilo hakuna aliyeweza kumbishia.

Kazi yake ilikuwa kufagia na kupiga deki mahakama ya zamani, jengo la mawe la ghorofa tatu. Moshi wa magari ulikuwa umelivalisha masizi miaka nenda miaka rudi, mpaka watu wakadhani mawe yenyewe ni meusi. Mumewe naye alikuwa muosha kuta za namna hiyo, na kuta hizo haziogeshwi kwa brashi na sabuni tu. Kwanza ukuta huloweshwa maji kuanzia chini kwenda juu, uchafu usije ukachora michirizi. Hupakwa dawa nzito ya kulainisha masizi, ukaachwa kidogo, ukasuuzwa kwa mpira wa pampu, kisha ukapitishiwa tindikali nyepesi ya kuituliza ile dawa ya kwanza. Penye kivuli, palipoota ukungu wa kijani, hupakwa klorini. Kila kitu na zamu yake. Klorini ikikutana na tindikali ndani ya ndoo moja, hutoka hewa inayokaba mapafu, na mtu aliye juu ya jukwaa hana pa kukimbilia.

Mchanganyaji wa dawa hizo alikuwa mumewe, na wenzake walimwita Pua. Madumu yote yalikuwa ya bluu, yamefanana kama mayai, na karatasi za majina zilibanduka mara zikirukiwa na maji. Mwingine angehangaika kusoma. Yeye alinusa. Alishusha barakoa, akamimina kidogo kwenye kikombe cha plastiki, akakipitisha chini ya pua na kusema hii ndiyo, hii siyo, hii imechuja. Hakuwahi kukosea. Msimamizi aliwaonyesha wageni pua ile kwa majivuno, utadhani ameinunua yeye.

Nyumbani, pua hiyohiyo ilikuwa adhabu. Mafuta yakikaa kidogo, anajua. Wali ukishika chini, anajua angali mlangoni, na hakai nalo moyoni. Bi Shaka alikuwa akigombana na pua ile tangu harusi yao.

Kwa hiyo kampuni ya mumewe ilipopewa kazi ya kuosha mahakama anayoifagia yeye, Bi Shaka alifurahi mpaka jioni, kisha akaanza kujiuliza kuna nini. Madirisha yote yalifunikwa nailoni nene, kingo zikagandishwa kwa utepe, maana dawa ikirukia kioo hukiachia doa lisilofutika. Ndani kukawa na mwanga mzito wa rangi ya maziwa, na watu wa nje wakabaki vivuli. Alikuwa akipiga deki huku anakitafuta kivuli chenye mabega anayoyajua.

Lakini kilichomtia wasiwasi kwanza ni chakula. Siku moja alizama kwenye maongezi na jirani, wali ukaungua mpaka moshi ukajaa ukumbini. Mumewe alirudi, akanawa, akala, akasema asante, chakula kitamu. Bi Shaka akaweka kijiko chini. Maneno hayo hakuwahi kuyasikia hata kwenye fungate. Alipomsimulia wifi yake, wifi akacheka mpaka akashika mbavu, akasema mwanamume aliyeacha kulalamika kwake ujue kuna kwingine anakoshibishwa. Wifi alitania. Bi Shaka hakulichukua kama utani.

Na yeye si mtu wa kushuku tu bila kupima. Aliazima manukato ya wifi, yale makali ambayo mtu akipita ngazini watu wanageuka, akajipaka bila huruma, akaketi ubavuni kwa mumewe. Mumewe akamuuliza kama kuna maji ya kunywa. Bi Shaka akajisemea, haya. Kesho yake alichukua tambara la deki lililovundia kwenye ndoo, akalificha chini ya meza ya chakula. Jirani aliyekuja kuomba chumvi aliziba pua mlangoni akaondoka bila hiyo chumvi. Mumewe alikaa juu ya uvundo ule ule, akala kwa utulivu, akaomba aongezewe mchuzi. Hapo Bi Shaka aliingiwa na ubaridi. Mwili upo mezani, akajisemea, mwenyewe yuko kwa mtu.

Na huyo mtu hakukawia kumwona. Upande wa nyuma wa jengo, ghorofani, kulikuwa na chumba cha mafaili ya zamani, na dirisha lake lilitazama ua wa kuchanganyia dawa. Kila asubuhi, kabla wenzao hawajapanda jukwaani, vivuli viwili vilisimama pale vimekaribiana. Kimoja kilikuwa cha mumewe. Cha pili alikitambua kwa kilemba: Mama Stoo, mjane aliyetunza madumu na funguo, mwanamke mcheshi anayejua kucheka kwa sauti ya chini. Kivuli cha mume kiliinua kikombe. Kivuli cha Mama Stoo kiliinamisha kichwa.

Alivumilia asubuhi ya kwanza. Ya pili alibandua ncha ya utepe kwa ukucha akachungulia. Kikombe kilipelekwa usoni kwa Mama Stoo kwa upole ambao Bi Shaka hakuwahi kuona kikombe chochote kikiletwa kwake. Mama Stoo alinong'ona neno moja. Mumewe akaitikia kwa kichwa, akampigapiga begani kama mtu anayeshukuru, akachukua kikombe kingine. Damu ilimchemka Bi Shaka. Alishuka ngazi na fagio lake mkononi, watu wa korido wakampisha wenyewe.

"Mnanyweshana nini asubuhi asubuhi?"

Mama Stoo alirudi nyuma hatua moja. Mumewe alifungua mdomo, lakini Bi Shaka alishampokonya kikombe na kukipeleka puani ajionee. Kilikuwa kama kofi lililopigwa ndani ya kichwa. Machozi yalimtoka, akakohoa, akajiandaa kusikia uongo wa mwanamume aliyefumaniwa. Mumewe hakudanganya kitu. Alimsogelea akamuuliza polepole, kwa sauti ya mtu anayehitaji jibu kweli.

"Inanukaje?"

"Unaniuliza mimi? Pua si unayo?"

Aliyejibu ni Mama Stoo, macho yake chini. "Mwambie tu inanukaje, dada. Watu wanasubiri juu."

"Kama siki," alisema Bi Shaka.

"Basi ni tindikali," mumewe alisema, akashusha pumzi na kulivuta dumu.

Jioni ile mumewe alimweleza yote bila kumtazama. Harufu zilimtoka moja moja. Alidhani ni mafua. Ikaondoka ya kahawa, ya sabuni, ya mvua, na mwisho hata zile dawa zilizomtoboa pua miaka yote aliyoshusha barakoa ili azinuse zikawa maji matupu kwake. Hospitali hakwenda, aliogopa habari zisije zikamfikia msimamizi. Mama Stoo alimgundua siku alipopewa dumu lisilo lake, akalinusa na kulikubali. Tangu siku hiyo alimnusia, bila kumwomba lolote wala kumwambia yeyote. Mchanganyaji asiye na pua, mumewe alisema, ni mtu wa kushika mpira wa maji, tena akihurumiwa.

Bi Shaka alisikia ahueni, na mara ile ile alisikia uchungu ulioizidi. Kama angekuwa hawara, angejua pa kuanzia. Angemfuata, angemtukana, angewaita mawifi. Huyu alikuwa amepewa kitu ambacho yeye, mke wa ndoa, alinyimwa.

"Tunalala kitanda kimoja. Kwa nini yeye?"

"Yeye alinigundua," alisema mumewe. "Wewe ningelazimika kukuambia."

Bi Shaka akauliza alichoogopa kuuliza. "Na mimi? Harufu yangu unaikumbuka?"

Mumewe alifikiri kwa muda mrefu mno. "Nakumbuka kwamba nilikuwa naipenda."

Akamwomba amfichie. Bi Shaka alisema nimesikia. Haikuwa ahadi, lakini mumewe aliipokea kama ahadi, na yeye hakumsahihisha.

Kuanzia hapo Bi Shaka alifagia chumba cha mafaili mpaka sakafu ikachoka. Aliwatazama wanaume wanaopanda jukwaani na ndoo zao, wakitaniana, wakishusha barakoa ili wavute sigara, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza kuna nini ndani ya ndoo. Pua keshanusa, yamekwisha. Yeye aliyemshuku hadi daktari alistaajabu jinsi watu wazima wanavyoweza kutundika roho zao kwenye neno la mtu mmoja.

Asubuhi moja Mama Stoo hakuja. Mama yake mzazi alikuwa ameanguka bafuni, na stoo akaachiwa kijana wa ofisini aliyejua funguo tu. Siku hiyo walikuwa wakimalizia upande wa kivuli, madumu ya klorini na ya tindikali yamepangwa ubavu kwa ubavu. Bi Shaka alichungulia pembeni mwa utepe. Mumewe alisimama na kikombe, akatazama kulia na kushoto kama mtu aliyepotelewa. Wanaume wa jukwaani wakampigia mluzi afanye haraka. Akashusha barakoa, akakipitisha kikombe chini ya pua, akaitikia kwa kichwa kwamba hii ndiyo.

Bi Shaka aliacha ndoo ya deki katikati ya korido, akaenda kugonga mlango wa msimamizi. Alisema kila kitu, na akaomba jina lake lisitajwe. Kwamba angeweza kuteremka uani na kunusa mwenyewe, wazo hilo lilimjia akiwa ameshamaliza kusema. Na nyuma ya wazo hilo lilikuwapo jingine, ambalo alijitahidi asilitazame: kwamba asubuhi za vikombe uani sasa zimekwisha.

Msimamizi aliwateremsha watu wote. Hakufoka. Alimletea Pua vikombe viwili, kimoja maji, kingine klorini, akamwomba mbele ya wenzake achague. Pua alinusa viwili vyote, akajipa muda, akainua cha maji akasema hii ndiyo klorini. Wenzake wakacheka wakidhani ni mzaha wake, kisha wakaona uso wake wakaacha. Mchanganyiko wa asubuhi ile ulikwenda kumwagwa mbali. Kama ungeua mtu au ungeosha ukuta tu, Bi Shaka hakuja kujua, na swali hilo lilimsumbua kuliko yote.

Mumewe alirudi nyumbani mapema, akaketi bila kuvua viatu. Amepewa mpira wa maji, alisema, basi ashukuru. Kisha akaanza kumtaja Mama Stoo kwa majina ambayo Bi Shaka alikuwa ameyaandaa siku nyingi na hakupata kuyatumia. Alisema anajidai mama anaumwa, kumbe alimpigia simu msimamizi. Alimwamini mtu baki akamficha mkewe, na haya ndiyo malipo yake.

"Nisamehe," alisema. "Watu wawili tu walijua, nami nikamwamini asiye wangu. Sasa nimebaki na wewe tu."

Mlango ulikuwa wazi kwa Bi Shaka kusema. Alimwona mumewe ameinamisha kichwa, mikono yake yenye makovu ya dawa imelegea mapajani, na hakuwahi kumwona amemsogelea hivyo tangu walipooana. Alipiga magoti akamfungua kamba za viatu. Alimwambia aoge, maji yako tayari.

Siku ya tatu Mama Stoo alirudi kazini. Uani, mbele ya watu, Pua alimpa mgongo hata salamu yake hakuipokea. Saa ya mapumziko Mama Stoo alipanda mpaka chumba cha mafaili. Hakuwa na hasira, na hilo lilimtisha Bi Shaka zaidi. Alimuuliza kuhusu kazi, akasikiliza, kisha akasema bila kupandisha sauti.

"Tulikuwa wawili tuliojua, dada. Mimi najua kwamba aliyesema si mimi."

Bi Shaka alilikamata fagio kwa mikono miwili.

"Pengine ulifanya vizuri, sijui," aliendelea Mama Stoo. "Sitamwambia. Amepoteza vya kutosha." Akatengeneza kilemba chake, akashuka zake.

Kuta zilimalizwa, nailoni ikabanduliwa, mawe yakatokea na rangi yake ya asali ambayo hakuna aliyeijua. Watu wanasimama barabarani kuyatazama. Nyumbani mumewe ni mtu mpole sasa, hafichi kitu, kila jioni anamsimulia mkewe siku nzima bila kuulizwa. Bi Shaka anamsikiliza na kumpakulia chakula. Lakini jioni mumewe anapochelewa hata kidogo, husimama dirishani. Haogopi tena kwamba yuko na mwanamke. Anaogopa kwamba amekutana na Mama Stoo mahali fulani, wamesalimiana, na wamepatana.