Chupa Iliyokuja Wazi Kabuga

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa mwaka 1990, niliingia ofisini Kigali na viatu vipya vya soli ya ngozi. Mkuu wa Vituo, mzee mfupi mwenye suti ya kahawia, hakujali cheti changu. Alitazama miguu.

"Weye umezaliwa hapa mjini, Nyamirambo?"

"Ndiyo, bwana mkuu."

"Inaonekana. Kesho leta viatu ya kutembea. Mvua hainyeshe kwa lami tu."

Kazi yangu ilikuwa kukagua vipima mvua. Ninyi vijana mnaoisoma mvua kwenye simu hamjakiona kifaa hicho, basi niwaeleze. Ni silinda ya bati iliyosimamishwa uwanjani, juu ina faneli, ndani ina chupa. Kila siku saa moja asubuhi mtunza kituo, ambaye aghalabu alikuwa padri au mwalimu, humimina maji ya chupa kwenye gilasi yenye mistari, na kuandika milimita daftarini. Mkaguzi hupita kila mwezi. Huweka pima maji juu ya silinda kuona kama imelala upande, huondoa majani kwenye faneli, kisha hunakili daftari. Nilijifunza upesi kuwatambua wavivu. Mvua ya mvivu ilikuwa tano, kumi, kumi na tano, wala haikunyesha Jumapili.

Nilipewa upande wa mashariki: Ndera, Kabuga, Musha, hadi Rwamagana. Basi lilinishusha barabarani, yaliyobaki yakawa ya miguu. Nilizijua njia za migombani ambazo hata wenye mashamba walikuwa wamezisahau, na bonde la mafunjo kati ya Kabuga na Ndera niliweza kulivuka bila kulowa soksi. Nakiri kwamba niliipenda kazi hiyo kwa sababu ya tumbo pia. Kila mji mdogo ulikuwa na mkahawa wake, na mimi nilikuwa na maoni juu ya kila mmoja. Musha walikausha burusheti, yaani mishikaki ya mbuzi, mpaka ukatafuna kamba. Rwamagana maharage yalikuwa mazuri ila maneno ya mwenye mkahawa yalikuwa mengi kuliko maharage.

Bora kuliko yote ilikuwa Kabuga, kwa Mama Verediana. Alikuwa mjane mnene, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde. Begi langu la vifaa alilichukua mwenyewe na kuliweka jikoni karibu na moto, likauke. Aliniita Bwana Mvua.

"Bwana Mvua! Bia ya baridi ao ya moto?"

"Ya moto, mama."

Kisha aliileta chupa ikiwa na kizibo chake, akaisimamisha mbele yangu, akaifungua nikiwa ninaona. Hilo ndilo jambo la kushika katika habari hii. Kwetu chupa hufunguliwa mbele ya mnywaji. Sumu ilikuwa hofu ya kila nyumba, na pombe ya mtungi mwenyeji huionja kwanza kabla ya mgeni. Kumletea mtu chupa iliyokwisha kufunguliwa ni kumtukana mbele za watu. Mkuu wa Vituo alikuwa amenionya wiki ya kwanza: "Ikija wazi, simama uende. Usiulize."

Mwezi wa kumi mwaka ule vita vilianza kaskazini, na kazi yangu ikaharibika. Bariyeri, yaani vizuizi vya askari, ziliwekwa barabarani. Kitambulisho cha wakati ule kilikuwa na mstari wa kabila, na mstari wangu ulikuwa ule uliomfanya askari amwite mwenzake. Tena nilikuwa mtu wa peke yake, mwenye begi la vyombo vya kioo, anayetokea vichakani na daftari lililojaa namba.

"Hii namba ni ya nini?" askari mmoja aliniuliza hapo Kabuga.

"Ni mvua, afande."

"Mvua iko na namba?"

"Iko nayo, afande. Kila siku."

"Na hii umechora?"

"Njia ya kufika kwa kituo."

Waliniweka chini ya jua mpaka alasiri. Niliogopa, siwafichi. Mtu alikuwa akikamatwa kwa kushukiwa tu kuwa msaidizi wa adui, na wengine hawakurudi.

Mkuu wa Vituo alikuwa amestaafu, na nafasi yake ilishikwa na Mkaguzi Mkuu, mtu mrefu, mkimya, aliyezoea kusafisha miwani yake kabla ya kusema neno baya. Aliisafisha muda mrefu nilipomletea habari hiyo.

"Kuanzia leo hakuna namba. Andika na maneno: milimita kumi na mbili. Na njia usichore tena, itie kwa kichwa."

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi miaka mitatu iliyofuata. Niliandika mvua kwa maneno kama barua ya posa, na njia zote nilizibeba kichwani. Hofu nilizoea kuamka nayo. Nilikaa nikitazama mlango, nilikula haraka, na kwa Mama Verediana peke yake ndipo chakula kilishuka vizuri.

Mwezi wa pili mwaka 1994 niliingia kwake saa sita mchana, nimelowa. Nilipitia mlango wa jikoni kama kawaida, hapakuwa na mtu, nikaacha begi, nikaenda kukaa. Meza ya pili walikuwepo wanaume wanne wakila bila kuzungumza. Nilidhani ni wachuuzi wa mbuzi. Mama Verediana hakuniita. Hakuuliza baridi ao moto. Alikuja na chupa mkononi, akaigonga mezani mbele yangu. Ilikuwa wazi.

Nilisubiri acheke. Hakucheka, wala hakunitazama.

"Mama, kizibo kiko wapi?"

"Nimefungulia ndani. Kunywa ao acha."

Damu ilinipanda. Hofu niliyoibeba miaka mitatu na zaidi ilitoka yote kwa mdomo. Nilisimama, kiti kikaanguka.

"Nakula kwako miaka yote hii, leo unanipa sumu kama panya? Nyoka weye! Ulimuua na bwana yako hivi?"

Mmoja wa wale wanaume aliguna, kama mtu anayetazama sinema.

"Toka kwangu!" Mama Verediana alipiga kelele. "Mlevi! Pita nyuma, usinichafulie mlango!"

Mlevi. Jina langu la Bwana Mvua hakulitaja, na hilo liliniuma kuliko chupa. Nilipita jikoni, nikanyakua begi, nikashika njia ya bonde kwenda Ndera. Nilitembea nikimlaani mpaka ng'ambo.

Siku tatu baadaye mwalimu aliyetunza kituo cha Ndera alikuja ofisini Kigali, akafunga mlango nyuma yake. Alikuwa ametoka Kabuga, ambako jirani wa Mama Verediana alimnong'oneza yote. Wanaume wale wanne walikuwa vijana wa kundi lililokuwa likiwinda watu, na walifika mkahawani tangu asubuhi. Walikuwa na jina langu kwenye karatasi na habari za mtu anayezunguka milimani na daftari, ila sura yangu hawakuijua. Walimwambia Mama Verediana: akija, mpe bia yake kama siku zote, halafu utuonyeshe. Hakuweza kuninong'oneza, hakuweza kukonyeza. Alikuwa na chupa tu. Na walipoona mlevi akitukana na kufukuzwa, waliendelea kula.

Nilimwambia Mkaguzi Mkuu kwamba ninakwenda Kabuga sasa hivi, nikapige magoti.

Alivua miwani. "Ukienda kumshukuru, umewaonyesha kitu alifanya. Utamuua."

"Nilimwita muuaji wa mume wake, bwana mkuu."

"Ndiyo. Acha ibaki hivyo."

Mwezi uliofuata alinipeleka Tanzania, mafunzo ya vifaa ya miezi sita. Ninaamini hadi leo kwamba mafunzo hayo aliyatafuta kwa ajili yangu. Mwezi wa nne, mauaji yalipoanza kwetu, nilikuwa huko, nikisikiliza redio pamoja na wanafunzi wenzangu, na hakuna aliyejua aniambie nini. Mkaguzi Mkuu mwenyewe hakuyapona mauaji hayo.

Niliporudi, vita vilikuwa vimekwisha. Nilishuka Kabuga kwa miguu inayosita. Kuta za mkahawa zilisimama, paa halikuwepo. Jirani yake, mama muuza mtama, alinitambua. Alinieleza kwamba Mama Verediana aliuawa wiki ya kwanza ya mauaji, mlangoni kwake, pamoja na dada yake.

"Siku ile ya chupa," nilimwuliza, "baadaye alisema nini?"

"Alikuja kwangu jioni, anatetemeka, tena anacheka. Wale watu walimuuliza huyu ni nani, akawaambia ni mlevi wa Rwamagana, mmesikia matusi yake. Wakaamini. Akaniambia: Bwana Mvua amenitukana vizuri."

Nilikaa chini pale pale, nikalia mpaka mama yule akanifunika kitenge chake.

Nimepima mvua miaka mingi baada ya hapo, na sasa nimestaafu, ninaishi Ndera. Vipima mvua vya siku hizi vinajisoma vyenyewe. Vijana wa ofisini huniuliza kama kazi yetu ilikuwa ngumu, nami huwaambia juu ya pima maji na wavivu wa Jumapili. Haya mengine huwa siwaambii.

Mara moja kwa mwezi, siku niliyokuwa nikikagua, ninavuka bonde kwenda Kabuga. Kuna mkahawa mpya karibu na stendi. Binti wa pale huleta chupa na kifungulio, kama desturi, nami humrudisha.

"Fungulia ndani, mwanangu. Ulete iko wazi."

Mara ya kwanza alinishangaa. "Muzee, hauogope?"

"Naogopa," nilimwambia. "Lete tu."