Kutoka Bila Kuua Programu

Unatokaje ndani ya programu bila kuiua? Jumapili ile asubuhi, mezani kwa mama hapa Voi, sikujua.

Nilikuwa nimeandika programu ya kupokea jumbe za wakulima wa Mahoo wenye ndizi zilizokwisha katwa, na kumpangia dereva wa lori apitie kwa nani. Iliishi ndani ya kontena, kijisanduku chake kwenye kompyuta ya kukodi iliyo mbali, nami nilijiunga nayo nichungulie tu kama inafanya kazi. Ilikuwa inafanya. Kuondoka ndiko kulikonishinda. Mara ya kwanza nilibonyeza Ctrl na C kama nilivyozoea chuoni. Nikatoka, na programu ikafa papo hapo. Nikaiwasha upya, nikajiunga nayo tena, nikanasa humo. Sasa mama mdogo wa Mahoo alikuwa amekata mikungu yake yote akinitegemea mimi.

"Funga hiyo laptop twende kanisani," mama akasema.

"Nikifunga itakufa."

"Nani amekuambia?"

Hilo ndilo swali ninalomuuliza yeye kila akinitajia miujiza. Nilibeba laptop ikiwa wazi, nimeifunika kwa leso, nikaketi nayo mapajani katikati ya ibada ya mavuno. Tulipoambiwa tufumbe macho, nilifumbua moja niangalie betri.

"Maombi unayatakia ushahidi," mama akaninong'oneza. "Hiyo mashine unaiamini bure."

Jogoo wa sadaka akaanza kupigwa mnada. Kabla hajapata mnunuzi, skrini ikazima. Nilitoka nje mbio, waumini wakidhani nimeguswa na Roho, nikampigia mama mdogo simu nimwombe msamaha.

"Msamaha wa nini? Ujumbe umeingia sasa hivi. Lori linapita kwangu kesho asubuhi."

"Sasa hivi lini?"

"Sasa hivi, mwanangu. Mbona unahema hivyo?"

Nilijiambia ni bahati, na kwa miezi mingi niliendelea kutembea na laptop wazi. Baadaye sana ndipo nilipojifunza kwamba ukishika Ctrl ukabonyeza P kisha Q, unatoka na kuiacha ikiendelea. Na kwamba kontena, kwa kuwa liliishi kwenye kompyuta ile ya mbali, halikujali nimefunga kifuniko, nimeishiwa betri au nimelala: lilikuwa likifanya kazi bila mimi tangu mwanzo.