Daktari Anataka Mutuka ya Baba Mukwe

Aibu hii nilimkataza mke wangu asiisimulie, na kwa kuwa anaisimulia kila Krismasi, afadhali muisikie kwangu mwenyewe.

Ilikuwa wakati ule Zaïre inabomoka, askari wameshapora mji, mishahara imekatika, na baba mukwe, fundi mstaafu wa reli, moyo unamsumbua na tumbo nalo linamuuma. Mimi, mfanyabiashara kutoka Butembo niliyeoa kwao, nilikuwa nimejisifia mno Kifaransa (Kifaransa chenyewe cha kuuzia vipuri vya malori), basi wakanituma peke yangu kwa daktari. Akaniambia mzee atapelekwa Afrika Kusini wamfanyie pontage, yaani damu itengenezewe njia mpya kwenye moyo, "et on enlève la vésicule en même temps," na palepale wataondoa hiyo vésicule.

Ningeuliza tu! Lakini bingwa wa Kifaransa anauliza? Nikajibu "bien sûr," bila shaka, nikarudi nikatangaza mbele ya ukoo mzima: "Batatengeneza moyo, na palepale batachukua véhicule."

"Mutuka ya baba?" shemeji Odilon akaruka. "Askari baliiacha, sasa docteur ndiye ataikamata?"

(Hakuna aliyeona ajabu, siku zile kila mwenye kofia ya askari au koti la kazi alijichukulia mali ya watu.) Shemeji akaipeleka mutuka, yaani gari ya mzee, Kasungami pembeni mwa mji, akaifunika mabua ya mahindi, na siku ya kumwona daktari tukampandisha mgonjwa wa moyo kwenye mkokoteni wa makaa, mimi nikisukuma nyuma, watu wa Golf, mtaa wa matajiri, wakituchungulia juu ya kuta zao.

Daktari akatutokea mlangoni. "Mbona munamuleta hivi? Munataka kumuua?"

Mama mukwe akapiga magoti mbele ya foleni nzima: "Docteur, moyo upasue, lakini mutuka utuachie!"

Daktari akanigeukia, akajibonyeza chini ya mbavu. "Vésicule, bwana. Mufuko wa nyongo. Ya mzee iko na mawe. Batamulalisha mara moja, batatengeneza vyote viwili."

Watu walicheka, hata waliokuja wakilia, na baba mukwe alicheka mpaka akashika kifua, nami nikajua sasa nimemuua kweli. Hakufa, jamani. Alirudi kutoka Afrika Kusini na kovu kifuani na jingine tumboni, akiita "Véhicule!" kila nikiingia uani.

Tangu hapo nikisikia neno nisilolijua nauliza palepale, hata padri akiwa katikati ya mahubiri.